Uzi: Mantiki kwa anayeanza, kutoka barazani hadi darasani

Maalim wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Asalam aleikum, na hamjambo nyote. Vijana kadhaa wa mtaani kwetu wameanza mwaka wa kwanza chuoni, wakakutana na somo la mantiki, na baada ya wiki chache wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba somo lenyewe ni misamiati mitupu ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Nimewaahidi kulieleza hapa kwa mifano ya kisiwa hiki chetu cha Mombasa, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya wanayofundishwa wamekwisha kuyasikia barazani kabla hawajajua kusoma.

Nianze na la juzi. Baada ya Alasiri tulikuwa tumeketi, muuza kahawa amesimama na dele lake anagonganisha vikombe, akatokea kijana mmoja aliyekuwa ameaga saa moja nyuma kwamba anavuka kwenda Likoni. Amerudi. Akasema kivuko kimeharibika. Mzee mmoja akamwuliza kama amekiona kikiwa kimeharibika, naye akajibu kwa uhakika mkubwa: "Kivuko kikiharibika, watu hujaa hadi barabarani. Leo watu wamejaa hadi barabarani. Basi kivuko kimeharibika, mnataka ushahidi gani tena?" Mzee akanywa kahawa yake, akasema: "Leo ni mwisho wa mwezi, mwanangu." Hakuongeza neno.

Mzee yule hajawahi kukanyaga darasa la mantiki, lakini alichofanya ndicho kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi hupaswa kujifunza. Hakukanusha kwamba watu wamejaa, wala hakukanusha kwamba kivuko kikiharibika watu hujaa. Kauli zote mbili alizikubali, kisha akaonyesha kwamba hata zikikubaliwa, hitimisho halifuati, kwa kuwa msongamano una sababu nyingine zaidi ya moja.

Sasa tuyape majina. Hoja, katika mantiki, si ugomvi wala si maoni. Ni kundi la kauli ambamo moja, tunayoiita hitimisho, inadaiwa kutegemezwa na nyingine, tunazoziita kauli tangulizi. Kauli yenyewe huwa kweli au huwa si kweli. Hoja haiwi kweli wala uongo. Hoja huwa halali au huwa si halali, na uhalali maana yake ni kwamba haiwezekani kauli tangulizi zote zikawa kweli halafu hitimisho likawa uongo. Wanafunzi wengi hulisoma sharti hilo kwa haraka na hulipa gharama yake muhula mzima.

Tazama hoja hii: samaki wote huishi nchi kavu, papa ni samaki, basi papa huishi nchi kavu. Ni hoja halali kabisa. Kauli yake ya kwanza ni upuuzi na hitimisho lake ni upuuzi, lakini umbo lake halina kasoro, kwani kama ile ya kwanza ingekuwa kweli, ya mwisho isingekuwa na pa kukimbilia. Sasa tazama hii: samaki wote huogelea, papa huogelea, basi papa ni samaki. Kila kauli hapo ni ya kweli, na bado hoja si halali. Ukitaka kuliona tundu lake, liache umbo kama lilivyo, umtoe papa na umtie pomboo: samaki wote huogelea, pomboo huogelea, basi pomboo ni samaki. Pomboo hupumua kwa mapafu na hunyonyesha watoto wake. Umbo lililokupeleka kwenye ukweli kwa papa limekutosa kwa pomboo, na njia hii ya kubadilisha vitu huku umbo likibaki ndiyo silaha bora niliyopata kuijua katika somo zima.

Aliyeanza kuyachambua maumbo haya kwa utaratibu ni Aristotle, Mgiriki aliyeishi kati ya 384 na 322 KK. Neno mantiki tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kutamka, kusema. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliheshimiwa katika elimu hii hata akaitwa Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle mwenyewe. Na Al-Ghazali (1058–1111), pamoja na ukali wake wote dhidi ya wanafalsafa, alikifungulia kitabu chake cha misingi ya fikihi kwa utangulizi wa mantiki, akisema kwamba asiyeimudu elimu hiyo hana wa kuziamini elimu zake. Nayataja haya kwa sababu kuna wazazi wanaodhani watoto wao wamefundishwa jambo geni.

Mwenye swali aulize.

Binti Kongowea

Shikamoo Maalim. Nashukuru kwa maelezo haya. Sisi tulipewa orodha ya hoja potofu zipatazo ishirini, kila moja na jina lake la Kilatini, na tukaambiwa tuzikariri. Naomba tuzipitie moja baada ya nyingine, kwa sababu mtihani umekaribia na mimi huzichanganya.

Maalim wa Kibokoni

Marahaba, binti yangu. Nitazipitia baadhi, lakini si zote, na sitakuficha kwamba sizipendi orodha hizo. Acha nikueleze kwa nini.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nayo orodha kama hiyo, nimeikunja mfukoni. Mjomba wangu alikuwa nahodha wa dau, na siku moja ya kusi alitukataza mimi na binamu yangu kutoka. Alisema: "Leo hamwendi. Upepo huu naujua miaka thelathini." Nikamjibu mbele ya watu kwamba hiyo ni hoja ya kutegemea ukubwa wa msemaji na kwamba miaka thelathini haithibitishi lolote kuhusu leo. Tukatoka. Tulipoupita mlango wa mwamba tu, upepo ulilipiga tanga likachanika tangu kwenye foromali hadi chini, tukarudi kwa makasia na viganja vimechubuka. Mjomba alikuwa amesimama ufukweni. Alitupokea kamba, akaifunga, akaenda zake nyumbani.

Nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili ni ya kimantiki. La kwanza ni kwamba kumtegemea mjuzi si upotofu wenyewe. Huwa upotofu pale mtu anapotegemewa katika jambo asilolijua, kama mchezaji mpira anaposhuhudia ubora wa dawa, au pale wajuzi wenyewe wanapohitilafiana na sisi tukamchagua yule anayetupendeza. Mjomba alikuwa mjuzi wa jambo lile lile lililokuwa mbele yetu. La pili ni kubwa zaidi: hata kama hoja yake ingekuwa mbovu, ubovu wa hoja hauthibitishi uongo wa hitimisho. Mtu anaweza kufika kwenye ukweli kwa njia mbaya. Ukiivunja hoja yangu, umenipokonya gongo nililoegemea. Hujathibitisha kwamba nilikokuwa nikienda hakupo. Hoja hiyo ya kwamba "umekosea kuhoji, basi unalosema ni uongo" nayo imo katika orodha za hoja potofu, kwa kawaida mwishoni kabisa, ambako wanaokariri huwa wamechoka.

Kwa hivyo nakuomba, kabla ya kuitaja hoja ya mtu kwa jina lake la Kilatini, uiandike upya kwa mpangilio: kauli tangulizi ni hizi, hitimisho ni hili, na kauli aliyoiacha bila kuisema ni hii. Mara nyingi tatizo liko katika hiyo iliyoachwa.

Haya, tuzipitie chache. Kumshambulia msemaji badala ya neno lake: "Wewe hujaoa, utatuambia nini kuhusu malezi?" Kauli iliyofichwa ni kwamba asiyeoa hawezi kusema la kweli kuhusu malezi, na ukiiandika tu inajianika yenyewe. Lakini tahadhari: ikiwa mtu anatoa ushahidi wa alichokiona, basi uaminifu wake ni sehemu ya jambo, na kuuhoji si upotofu.

Kumpachika mtu maneno asiyoyasema ili iwe rahisi kumshinda. Mtu anasema maegesho ya magari yapunguzwe katika Mji wa Kale, mwenziwe anamjibu kwamba anataka kuwafukuza wafanyabiashara wote. Hii ndiyo inayotawala mijadala ya mitandaoni, na dawa yake ni ya kizamani: mrudishie mwenzako maneno yake mpaka akubali kwamba ndiyo aliyokusudia, kisha ndipo umjibu.

Njia mbili za uongo: "Ama uko nasi ama uko na adui." Hapa uliza tu kama hakuna ya tatu.

Na ile inayowasumbua wengi, ya kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Hii wazee wetu waliijibu zamani waliposema jogoo awike asiwike kutakucha. Sijui ufafanuzi mfupi kuliko huo. Kuwika hutangulia, alfajiri hufuata, kila siku bila kukosa, na bado ukimchinja jogoo leo kesho kutakucha. Utaona kwamba methali yenyewe inakupa na jaribio: ondoa kinachodhaniwa kuwa sababu, kisha utazame kama matokeo yanabaki.

Baharia Mstaafu

Maalim, umenifurahisha na huyo jogoo. Mimi nasema hivi: ikiwa methali zetu zinafanya kazi hiyo, kuna haja gani ya kuwafuata Wagiriki? Mantiki yetu imo katika methali. Vijana wafundishwe methali, yatosha.

Maalim wa Kibokoni

Bwana Baharia, nakuheshimu kwa umri na kwa bahari ulizozipitia, lakini hapa sikubaliani nawe. Methali hukumbusha. Wakati mwingine hufafanua, kama jogoo alivyofanya. Ila methali haithibitishi, na dalili yake ni kwamba karibu kila methali ina mwenziwe anayeipinga. Ukitaka kumpunguzia mtu kasi utamwambia mwenda pole hajikwai, na ukitaka kumharakisha utamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Anayenukuu moja kati ya hizo hajatoa hoja; ametangaza upande aliokwisha kuuchagua.

Ziko pia zinazopotosha. Chukua lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Ichunguze kwa makini. Uvumi ukithibitika, methali ni kweli. Usipothibitika, methali bado ni kweli, kwa sababu jambo "laja". Hakuna tukio hata moja ulimwenguni linaloweza kuionyesha kuwa ni uongo, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo, ingawa kwa mtazamo wa haraka inaonekana kuwa ndiyo nguvu yake. Karl Popper (1902–1994), mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna, aliliweka jambo hili kuwa kipimo cha sayansi: nadharia ya kisayansi sharti iwe tayari kusema ni nini kikitokea itakuwa imeshindwa. Isiyoweza kushindwa na lolote haijatuambia lolote.

Tena, hapa Kenya tulikuwa na mtu aliyelifikiria swali lako hilo hilo kwa undani. Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea wazee wa vijijini na kuwahoji, ili kuonyesha kwamba falsafa haikuhitaji kuletwa kwa meli. Lakini alitofautisha wazee wa aina mbili. Wapo wanaoijua hekima ya jamii na kuieleza vizuri, na wapo wanaoijua kisha wakaihoji, wakasema hapa wazee walisema sawa na hapa walikosea, na sababu ni hii. Wote wawili ni wenye hekima, ila wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Mzee wetu wa kahawa, kwa lile neno lake moja la mwisho wa mwezi, nadhani angeingia kundi la pili.

Baharia Mstaafu

Nimekupata, na nakubali nusu. Lakini nijibu hili moja. Mimi nimejua kaskazi na kusi kwa kuziona, mwaka baada ya mwaka. Kaskazi huja mwisho wa mwaka, kusi hufuata. Hiyo nayo si hoja?

Maalim wa Kibokoni

Ni hoja, na ni ya aina tofauti kabisa na ile ya papa. Hoja halali kwa umbo lake hukulazimisha: ukikubali kauli tangulizi umefungwa. Hoja yako ya pepo hukusanya yaliyoonekana na kutarajia yasiyoonekana bado, na nguvu yake huwa ya kiasi. Hatuiiti halali, twaiita yenye nguvu au dhaifu. Maisha yote yanategemea hoja za namna hii. Mskoti David Hume (1711–1776) aliuliza swali ambalo hadi leo halijapata jibu linalowaridhisha wote: kwa nini tuamini kwamba kesho itafanana na jana? Ukijibu kwamba siku zote imefanana, umetumia kile kile unachotakiwa kukithibitisha.

Kwa kuwa wewe ni baharia utaupenda mfano huu. Watu wa Ulaya kwa karne nyingi walimjua bata-maji mweupe tu, hata bata-maji mweusi akawa kwao mfano wa kitu kisichokuwapo. Mwaka 1697 Mholanzi Willem de Vlamingh na mabaharia wake wakaingia katika mto magharibi mwa Australia, wakawakuta weusi wanaelea. Maelfu ya weupe hawakuweza kuthibitisha neno "wote", na mweusi mmoja alitosha kulivunja.

Mwanafunzi wa Tudor

Maalim, shikamoo. Nimeshikwa na hilo neno "wote". Katika zoezi la darasani tuliandika "Wanafunzi wote hawakuja", mwalimu akasema kauli hiyo haieleweki. Mimi naona inaeleweka vizuri.

Maalim wa Kibokoni

Marahaba. Mwalimu wako amepatia. Kauli hiyo yaweza kumaanisha kwamba hakuna hata mmoja aliyekuja, na yaweza kumaanisha kwamba si wote waliokuja, huenda walikuja tisa katika kumi. Katika mazungumzo sauti na mazingira hutuokoa. Katika maandishi, sema "hakuna mwanafunzi aliyekuja" au "si wanafunzi wote waliokuja", na utakuwa umeitenganisha migongano miwili tofauti: anayepinga "wote walikuja" anahitaji mtoro mmoja tu, lakini anayedai "hakuna aliyekuja" ana kazi ya kuhesabu darasa zima.

Kiswahili kina mitego mingine ya namna hii. Ile "-ki-" yetu hubeba sharti na wakati kwa pamoja, hata "akija nitampa" isijulikane kama kuja kwake kuna shaka au kunangojewa tu. "Si lazima aende" na "lazima asiende" ziko mbali kama Mtwapa na Likoni, na nimeona watu wakigombana saa nzima kwa kuzichanganya.

Sasa, wewe na wenzako, fanyeni zoezi hili kabla ya kuendelea kusoma. Lilielezwa mwaka 1966 na mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason. Mezani kuna kadi nne, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inadai: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, basi upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi ni lazima uzifunue ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Mwanafunzi wa Tudor

A na 4.

Binti Kongowea

Nami nasema A na 4.

Maalim wa Kibokoni

Mmekosea, na msione haya, kwa sababu katika majaribio ya namna hii ni watu wachache sana wanaopatia. Jibu ni A na 7. Ukifunua 4 ukakuta konsonanti, kanuni haijavunjwa, kwani haikusema kwamba shufwa zote zina irabu. Lakini ukifunua 7, ambayo ni witiri, ukakuta irabu, kanuni imevunjika. Kuichagua 4 ni kosa lile lile la kijana wa kivuko: kuona matokeo na kudhani umeiona sababu.

Tuligeuze. Mfanye kazi Likoni, ambako mwenda kwa miguu huvuka bure na mwenye gari hulipia. Kanuni ni: akiwa na gari, sharti awe amelipa. Mbele yenu kuna watu wanne. Wa kwanza mnajua ana gari. Wa pili mnajua yuko kwa miguu. Wa tatu anayo risiti mkononi. Wa nne hana risiti. Mtamkagua nani?

Binti Kongowea

Mwenye gari, tuone kama amelipa, na asiye na risiti, tuone kama ana gari. Mwenye risiti wa nini? Amekwisha kulipa.

Maalim wa Kibokoni

Umejibu bila kufikiri mara mbili, na umbo ni lile lile la kadi. Mwenye risiti ndiye 4, asiye na risiti ndiye 7. Watafiti wamelithibitisha jambo hili kwa mifano ya kanuni za maisha: akili inayoteleza kwenye herufi na namba husimama imara inapotafuta mkwepaji. Kwa hivyo, mkikwama kwenye mtihani, ipelekeni hoja kivukoni.

Nawaachia zoezi la mwisho. Kuna kauli nimeisikia mtaani: "Tangu taa zilipowekwa katika kichochoro chetu, wizi umepungua. Basi taa ndizo zilizoukomesha, na anayepinga taa ziongezwe anataka wezi warudi."

Mwanafunzi wa Tudor

Nimeipanga kama ulivyosema. Sehemu ya kwanza ni jogoo: kilichotangulia kimefanywa sababu. Sehemu ya pili ni kumpachika mtu maneno, kwa kuwa mtu anaweza kupinga gharama bila kuwapenda wezi. Lakini hatuwezi kusema kwamba taa hazikusaidia, kwa sababu ubovu wa hoja si uongo wa hitimisho. Nikataka kujua, nikaenda kuuliza. Kumbe mwezi ule ule wa taa, wakazi walimwajiri mlinzi wa usiku.

Maalim wa Kibokoni

Sasa una sababu mbili na kichochoro kimoja. Tafuta kichochoro kilichopata taa bila mlinzi, kisha urudi utuambie.